MAJENGO YA KALE NA MATUMIZI MAPYA: NADHARIA NA VITENDO

Utangulizi

Hakuna kizazi kinachoanza kujenga juu ya ardhi tupu. Kila kizazi hukuta barabara, visima, mashamba, bandari na majumba yaliyojengwa na waliotangulia, na mara nyingi yaliyojengwa kwa makusudi ambayo kizazi kipya hakiyataki tena. Ngome ilijengwa kwa ajili ya mizinga, kasri kwa ajili ya mfalme, ghala la pembe na karafuu kwa ajili ya tajiri. Mizinga ikinyamaza, mfalme akiondoka na tajiri akihama, kuta hubaki. Hapo ndipo swali linapozuka: kuta hizi tuzifanyeje?

Majibu yako matatu. La kwanza ni kubomoa na kujenga upya. La pili ni kuziacha mpaka zianguke zenyewe. La tatu ni kuligeuzia jengo matumizi, yaani kuzichukua kuta zilizojengwa kwa kazi moja na kuzipa kazi nyingine bila kuua uhai wake. Makala haya yanahusu jibu hilo la tatu. Tunakusudia kueleza misingi yake, kuonyesha jinsi ilivyotekelezwa, hasa katika Mji Mkongwe wa Unguja, na kutaja kasoro zilizotokea bila kuzifunika.

Wako watakaodhani kwamba hili ni jambo la wasanifu majengo na watalii, wala halimhusu kada wa Chama. Dhana hiyo si sahihi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba mashuhuri kuliko yote katika Mji Mkongwe, ilianguka wakati jumba hilo likifanyiwa matengenezo. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba hilo halikuwa mali ya kabaila wala ya kampuni ya kigeni. Lilikuwa mali ya umma. Kwa hiyo basi, tunapozungumzia majengo ya kale tunazungumzia wajibu wa umma juu ya mali yake, na usalama wa watu wanaofanya kazi na kulala chini ya mapaa hayo.

Jengo na Kazi Yake

Kila jengo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni umbo lake: mawe, miti, chokaa, milango, ngazi na mpangilio wa vyumba. Upande wa pili ni kazi yake, yaani lile jambo ambalo watu hulifanya ndani yake. Pande hizi mbili haziendi kwa mwendo mmoja. Ukuta wa mawe uliotunzwa waweza kusimama miaka mia mbili au mia tatu, lakini utawala, biashara na desturi zinazoutumia ukuta huo hubadilika haraka zaidi. Kutokana na tofauti hiyo huzuka mgongano: jengo lingali na nguvu, ilhali kazi iliyolizaa imekwisha kufa. Kuligeuzia jengo matumizi ni njia ya kuutatua mgongano huo.

Tena tusisahau kwamba jengo ni jasho la watu lililoganda. Majumba ya Mji Mkongwe yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa kwa mikono, kwa chokaa iliyochomwa kwenye matanuu, na kwa boriti zilizokatwa katika mikoko ya Mwambao, ikiwa ni pamoja na ile ya delta ya Rufiji. Waliochimba, waliochoma na waliobeba si wale waliolala ndani ya majumba hayo. Wengi walikuwa watumwa, na baada yao vibarua. Majina yao hayakuchongwa juu ya milango.

Kutokana na ukweli huu twaweza kuyaona makosa mawili ambayo kwa juu juu yanapingana, lakini mzizi wake ni mmoja. Kosa la kwanza ni la yule asemaye: “Haya ni majumba ya masultani na wakoloni, yabomolewe, tusahau.” Kosa la pili ni la yule anayeyatukuza majumba hayo kwa sababu ya ukubwa wa mabwana walioyamiliki, akawa anasimulia vitanda na vyombo vyao bila kutaja hata mara moja nani aliyebeba mawe. Wote wawili wanamtazama mwenye jumba na kumsahau mjenzi. Msimamo ulio sahihi ni kwamba kazi ya wajenzi ni urithi wa wananchi, na urithi hautupwi wala hauabudiwi. Urithi hutumiwa.

Ipo pia hoja ya uchumi. Kubomoa jengo zima ni kutupa kazi iliyokwisha kufanyika, kisha kulipia upya kazi nyingine. Nyumba mpya ya zege yahitaji saruji na nondo, na utengenezaji wa saruji peke yake hukadiriwa kutoa kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Ukarabati wa nyumba ya mawe wahitaji vifaa vipya vichache zaidi na mikono mingi zaidi: mwashi, seremala, mchoma chokaa, mchonga milango. Hatusemi kwamba ukarabati ni rahisi siku zote; mara nyingine gharama yake huwa kubwa kuliko ya jengo jipya. Tunachosema ni kwamba fedha zake hubaki zaidi mikononi mwa mafundi wa mahali penyewe.

Misingi ya Nadharia

Mnamo Mei 1964, miezi michache tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, wataalamu wa majengo kutoka nchi mbalimbali walikutana Venice, Italia, wakapitisha mkataba unaojulikana kwa jina la mji huo. Kifungu cha tano cha Mkataba wa Venice chasema kwa maana hii: uhifadhi wa jengo hurahisishwa siku zote likitumiwa kwa jambo lenye manufaa kwa jamii; matumizi hayo yanatakiwa, lakini yasibadilishe mpangilio wala mapambo ya jengo. Yafaa tuizingatie hoja hiyo. Wataalamu hawakusema jengo lifungiwe kama maiti iliyotiwa dawa. Walisema litumike, na litumike kwa manufaa ya jamii.

Kutokana na msingi huo, na kutokana na uzoefu wa vitendo, twaweza kuweka maswali manne ambayo kila anayetaka kuligeuzia jengo matumizi hana budi kuyajibu.

Swali la kwanza: Je, jengo linaiweza kazi mpya? Katika nyumba ya mawe ya Unguja, upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti, na boriti ya mkoko hufunika kiasi cha mita 3 tu. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Vyumba vya namna hiyo hufaa kwa makazi, kwa ofisi ndogo, kwa zahanati au kwa madarasa ya watu wachache. Havifai kwa ukumbi wa mkutano, wala ghorofa yake ya juu haifai kuwekwa majalada ya serikali, maana karatasi zikirundikwa huwa na uzito mkubwa. Anayelazimisha ukumbi huvunja ukuta wa kati, na ukuta huo ndio uliobeba ghorofa.

Swali la pili: Je, mabadiliko ni machache kadiri iwezekanavyo, na yaweza kuondolewa? Kizigeu cha mbao chaweza kutolewa kesho bila kuacha kovu. Ukuta wa matofali ya saruji uliopandishwa juu ya sakafu ya boriti hauondoki bila madhara, na uzito wake ni hatari tangu siku ya kwanza.

Swali la tatu: Je, kipya kinajulikana kuwa ni kipya? Historia isighushiwe. Mlango uliochongwa mwaka jana usitangazwe kuwa ni wa karne ya 19. Kilichoongezwa kiwe kizuri, lakini kiseme ukweli.

Swali la nne, ambalo kwetu sisi ndilo kubwa: Ni nani atakayefaidika, na ni nani atakayelitunza? Vitabu vya usanifu aghalabu hulitaja swali hili mwishoni, au havilitaji kabisa. Lakini mambo yaliyotokea, nje na hapa kwetu, yanaonyesha kwamba majengo mengi yaliyoshindikana yalishindikana hapo.

Mafunzo Kutoka Nje

Baada ya Mapinduzi ya Oktoba 1917 nchini Urusi, Jumba la Majira ya Baridi la wafalme mjini Petrograd liliingizwa katika makumbusho ya taifa. Taasisi ya Smolny, iliyokuwa shule ya mabinti wa makabaila, iligeuka makao makuu ya mapinduzi. Wakati huohuo nyumba kubwa za matajiri ziligawanywa chumba kwa chumba, familia nyingi zikitumia jiko moja na choo kimoja. Hatua hiyo iliwapa paa watu wasiokuwa na paa, na hilo si jambo dogo. Lakini msongamano huo, uliokusudiwa kuwa wa dharura, uliendelea kwa miaka mingi, na nyumba zilizojengwa kwa familia moja zilichakaa. Somo ni kwamba kugawa ni hatua ya siku moja, na kutunza ni hatua ya kila siku.

Mfano mwingine ni mji wa Bologna, Italia, ulioongozwa na wakomunisti katika halmashauri yake tangu 1945. Mwaka 1969 mji huo ulipitisha mpango wa kuhifadhi eneo lote la kale, na mwaka 1973 ukaongeza mpango wa kutumia fedha za nyumba za umma ndani ya eneo hilo badala ya kujenga pembezoni peke yake. Wataalamu, akiwemo Pier Luigi Cervellati, waliyapanga majengo kwa aina. Majengo makubwa, kama vile nyumba za watawa, yalitengwa kwa huduma za umma. Nyumba nyembamba za safu zilitengwa kwa makazi ya wafanyakazi. Shabaha ilikuwa kwamba ukuta na mtu anayeishi nyuma ya ukuta huo wahifadhiwe pamoja.

Halmashauri ilianza kwa kutaka kuzitwaa nyumba hizo. Upinzani ulikuwa mkali, hata kutoka kwa wenye nyumba wadogo, na njia ikabadilishwa: mwenye nyumba alipewa msaada wa fedha za matengenezo, naye akafunga mkataba wa kutopandisha kodi ovyo na kuwarudisha wapangaji wake baada ya matengenezo. Njia ilibadilika, shabaha haikubadilika. Makada yafaa wayatafakari mambo haya mawili bila kuyachanganya.

Vitendo: Mji Mkongwe wa Unguja

Tukirudi kwetu, tunakuta kwamba kugeuza matumizi si mgeni katika Mji Mkongwe. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, na ndani ya kuta zake yaliingizwa mabaki ya kanisa la Wareno hao. Katika karne ya 19 ngome hiyo ilitumika kama gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa karakana ya reli iliyokwenda Bububu. Baadaye ikawa klabu ya wanawake. Katika miaka ya 1990 ilitengenezewa jukwaa la wazi, na humo zimefanyika tamasha za filamu na za muziki zinazowakutanisha wasanii wa Afrika na wa nchi za Bahari ya Hindi. Ngome hii imefaulu kwa sababu rahisi: kazi yake mpya yahitaji uwanja wazi uliozungukwa na kuta imara, nayo ngome ni uwanja wazi uliozungukwa na kuta imara. Kazi imeoana na umbo.

Dispensari ya Kale iliyopo ufukweni yatoa somo jingine. Ujenzi wake ulianzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, kwa nia ya kuwa hospitali. Topan alifariki mwaka 1891, na baadaye jengo likawa zahanati ya hisani, huku wahusika wake wakiishi ghorofani. Baada ya 1964 liliharibika sana. Mwaka 1990 lilikabidhiwa kwa mkataba shirika la utamaduni la Aga Khan, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limerudishwa katika hali njema, likiwa kituo cha utamaduni. Mafundi vijana walijifunza humo kazi ya chokaa na ya nakshi za mbao. Faida ya mradi ule, basi, ilikuwa mbili: jengo moja, na mikono iliyoweza kutengeneza majengo mengine.

Kasri ya ufukweni, Beit al-Sahel, iliyokaliwa na masultani mpaka Januari 1964, iliitwa Kasri ya Wananchi baada ya Mapinduzi, ikatumika kwa shughuli za serikali, na mwaka 1994 ikawa makumbusho. Mlango ambao mwananchi wa kawaida hakuweza kuupita sasa aliupita kwa miguu yake. Tusilidharau jambo hili. Kubadilisha matumizi ya jengo ni kubadilisha nani anaingia kwa mlango wa mbele.

Majengo ya historia si makasri peke yake. Kule Arusha, katika mtaa wa Kaloleni, upo ukumbi mdogo wa ustawi wa jamii. Hauna nguzo za kifahari wala milango ya nakshi. Lakini ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokutana Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo. Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi, ukumbi huo ulifunguliwa kama makumbusho. Thamani ya jengo hilo ni tukio lililotokea ndani yake, na lau lingepimwa kwa uzuri wa sura peke yake, lingekwisha bomolewa zamani.

Swali la Makazi

Hata hivyo, sehemu kubwa ya Mji Mkongwe si ngome wala kasri. Ni nyumba za watu. Baada ya Mapinduzi, Serikali iliyatwaa majumba mengi ya matajiri na ya watu waliokimbia, na ndani yake wakaingia familia nyingi zilizotoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Kwa upande wa haki, hatua hiyo ilijibu dhuluma ya muda mrefu. Mji uligawanywa na mkondo wa Pwani Ndogo: upande mmoja nyumba za mawe, upande wa pili vibanda vya udongo na makuti. Kumpa mtu wa kibanda chumba cha mawe kulikuwa kuuvuka mkondo huo.

Lakini nyumba iliyojengwa kwa familia moja ikawa ya familia nne au tano. Kila familia ilihitaji jiko, maji na mahali pa kuogea. Mabomba yakapitishwa mahali ambapo hapakuwa na bomba, na vyoo vikawekwa juu ya sakafu za boriti. Kodi iliwekwa ndogo ili mnyonge aimudu, jambo ambalo lilikuwa sahihi; ila hakukuwa na mfuko mwingine wa kufidia pengo la matengenezo. Nguvu za Serikali, kwa haki kabisa, zilielekezwa kwa wale waliokuwa hawana kitu: ndipo yalipojengwa magorofa ya Michenzani, kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Matokeo yake, nyumba za mawe zilipata wakaaji wengi zaidi na mafundi wachache zaidi.

Hapa lazima tueleze jinsi nyumba ya mawe inavyokufa, maana watu wengi hawajui. Ukuta wake ni wa matumbawe na udongo na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi. Chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Mafundi husema ukuta unapumua. Adui yake ni maji yanayokaa. Mfereji wa paa ukiziba, maji ya masika huingia juu ya ukuta na kushuka mpaka kwenye ncha za boriti zilizochomekwa ndani. Ncha huoza. Kwa macho boriti inaonekana nzima, lakini mahali iliposhikwa na ukuta imekwisha kuwa unga. Kisha anakuja mtu mwenye nia njema akaupaka ukuta lipu ya saruji, apate kufunika ufa. Saruji ni ngumu na haipumui. Unyevu na chumvi vinafungiwa ndani, jiwe linalainika nyuma ya lipu, na siku moja ukuta unatoka tumbo. Matengenezo mabaya, basi, yaweza kuwa na madhara kuliko kutotengeneza.

Kujikosoa: Tukio la Beit al-Ajaib

Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sultani Barghash kwa ajili ya sherehe na fahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja. Kasri ya jirani iliharibiwa kabisa, Beit al-Ajaib likasimama. Baadaye Waingereza walilifanya ofisi za serikali yao ya kikoloni. Baada ya Mapinduzi lilitumiwa na Chama cha Afro-Shirazi kwa mafunzo ya siasa na makumbusho yake. Mwisho likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na Mwambao. Kwa orodha ya matumizi peke yake, hakuna jengo linaloweza kulishinda kama mfano wa nadharia tuliyoieleza.

Lakini mwaka 2012 sehemu ya varanda na paa lake ilianguka. Hiyo ilikuwa ishara. Jumba likafungwa, mazungumzo na mipango ikafuata, na miaka minane baadaye likaanguka kwa vifo. Mizinga ya ubeberu haikuliangusha jumba hilo. Tuliliacha kwa miaka likaanguka mikononi mwetu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii imekuwa ikisomwa kama mfano wa tabia. Hapa ni maelezo ya uhandisi. Kosa halikuwa kuligeuzia jumba matumizi. Matumizi yale yalikuwa mema. Kosa lilikuwa kudhani kwamba tukishabadilisha kibao cha mlangoni kazi imekwisha. Umma ulilitwaa jengo, lakini haukutwaa pamoja nalo wajibu wa kupanda juu ya paa kila mwaka kabla ya masika. Kumiliki bila kutunza ni kubomoa polepole.

Hoteli na Mnyonge

Kutoka katikati ya miaka ya 1980 hali ilianza kugeuka. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wakati huohuo milango ya biashara ilifunguliwa, baadhi ya nyumba za umma zikauzwa kwa watu binafsi, na watalii wakawa wengi. Majumba mengi yakageuzwa kuwa hoteli, nyumba za wageni na maduka.

Tusijibu jambo hili kwa kaulimbiu. Hoteli imeokoa majengo ambayo pengine yangekuwa kifusi. Jengo la zamani la simu za nje pale Shangani, kwa mfano, lilifunguliwa kama hoteli mwaka 1997 baada ya kukarabatiwa. Hoteli ina fedha za kuziba ufa. Mpangaji wa chumba kimoja hana.

Ila hoteli nayo ina mgongano wake. Kila chumba cha mgeni chataka bafu lake, na juu ya paa matangi ya maji, yote yakiongeza uzito na unyevu kwenye kuta zilezile. Na kubwa zaidi: bei ya nyumba ikipanda, mkaaji huondoka. Mtaa ambao jioni baraza zake zilijaa watu wakicheza bao na kunywa kahawa huwa mtaa wa wapita njia. Siku watalii wasipokuja, kama ilivyotokea mwaka 2020 wakati wa maradhi ya korona, mtaa wa namna hiyo hauna wa kuutunza. Kuta zimehifadhiwa, mji umekufa. Watu wa Bologna waliliona jambo hili mapema, ndiyo maana walihifadhi mtu na ukuta kwa pamoja.

Tunaloona sisi ni kwamba lazima kuwe na uwiano. Hoteli iwepo, na sehemu ya mapato yake irudi kwenye nyumba za jirani zinazokaliwa na wananchi. Mpangaji anayehamishwa kwa ajili ya matengenezo awe na haki iliyoandikwa ya kurudi. Na jengo la umma lisitolewe kwa mwekezaji kwa sababu tu kwamba sisi wenyewe tumelichakaza kwa uzembe.

Wajibu wa Kada na Mwanafunzi

Nadharia isiyofikia kwenye shehia na tawi ni mapambo. Kwa hiyo tunataja mambo ambayo kada na mwanafunzi waweza kuyafanya bila kungoja mfadhili.

Kwanza, kuorodhesha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kila mtaa wenye majengo ya kale, ijulikane kila jengo ni la nani, linatumiwa na nani, na hali ya paa lake ikoje. Kazi hii wanafunzi wanaiweza, wakiongozwa na fundi mmoja mzoefu.

Pili, kukagua maji. Kabla ya masika na kabla ya vuli, mifereji isafishwe, mabomba yanayovuja yazibwe, na miche ya mitini inayoota kwenye nyufa ing'olewe ikali midogo. Mzizi wa mtini ukishaingia ukutani hautoki bila kutoa mawe.

Tatu, kuheshimu ufundi. Fundi wa chokaa asionekane mtu wa zamani aliyepitwa na saruji. Elimu yake ipo mikononi mwake, na akifa bila mwanafunzi inazikwa naye. Vyuo vyetu vya ufundi vimpe nafasi na malipo.

Nne, kuuliza swali la nne kila mara. Kikao chochote kinapoletewa pendekezo la kuligeuzia jengo matumizi, makada wasiridhike na michoro yenye rangi. Waulize: nani atafaidika? Wakaaji wataenda wapi? Fungu la matengenezo la mwaka wa tano na wa kumi liko wapi? Pendekezo lisilokuwa na jibu lirudishwe.

Tano, kuzungumza na wakaaji kwanza. Anayelala chini ya paa ndiye anayejua linavuja wapi. Mtaalamu asiyemsikiliza atatengeneza mahali pasipovuja.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba jengo ni jasho la watu, kwamba umbo huishi kuliko kazi, na kwamba mgongano huo hutatuliwa kwa kuligeuzia jengo matumizi yanayooana nalo na yenye manufaa kwa jamii. Tumeonyesha pia kwamba mabadiliko ya matumizi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni utunzaji, nao hauna sherehe wala utepe wa kukatwa. Ni ngazi, ndoo ya chokaa, na mtu anayepanda juu ya paa kabla mvua haijanyesha.

Wajenzi wa kwanza wa kuta hizi hawakuulizwa wanataka zitumike kwa nini. Sisi tumepata nafasi ya kuulizana. Tukizitumia kwa manufaa ya wengi na kuzitunza, tutakuwa tumewalipa wajenzi hao sehemu ya deni lao. Tukizitwaa na kuziacha, deni hilo litaendelea kudaiwa, na Beit al-Ajaib limekwisha tuonyesha linadaiwa kwa maisha ya nani.